Koki ya Mwalimu

Kufikia asubuhi ile mtandao ulikuwa umeshamkamata Fundi, umemhukumu, na sasa watu walikuwa wakibishania adhabu. Mwenyewe alikuwa bado kwenye mahabusu ya kituo, amejikunyata kwenye benchi na shati lile lile alilotoka nalo kwenye boti, wala hajasomewa shtaka lolote.

"Msikilize huyu, Afande," alisema Koplo, simu ikiwa karibu kumgusa pua. "'Aliyemjazia dada yake hewa chafu, naye ajaziwe.' Wamempenda aliyeandika, balaa!"

"Wamempendea nini?"

"Kwa kuandika haraka, nadhani."

Inspekta hakucheka. Alikuwa akichonga penseli. Kituo kizima kilimwita Bi Taratibu, nusu kwa sifa na nusu kwa lawama, naye aliitikia zote mbili kwa sauti ile ile. Wenzake walioanza naye kazi walishapanda vyeo kwa watu waliowakamata. Yeye sifa zake, zile chache alizopewa, zilitokana na watu aliowaachia. Nasema mapema ili msomaji asinishangae mbele ya safari: mwanamke huyu ninamvulia kofia, na sitahangaika kuficha.

Aliyekufa alikuwa Mwalimu. Hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu mjini pale aliyewahi kubeba mtungi wa hewa mgongoni na kuzama nao, kwa sababu karibu wote aliwafundisha yeye. Shule yake ya kupiga mbizi ilikuwa hatua chache kutoka gatini. Mdogo wake wa kiume, huyo Fundi, ndiye aliyeendesha kompresa na kujaza mitungi. Siku ya ajali walikuwa watatu tu kwenye boti: Mwalimu, Fundi aliyeshika usukani, na Daktari wa meno, mwanafunzi wa siku nyingi ambaye kwa miaka sasa alikuwa mwenzi wake wa kuzama. Daktari alitangulia chini na kamera yake. Maji yalikuwa yamevurugika, mtu haoni mbali. Alisubiri, hakumwona mwenzake akifika, akapanda kumtafuta. Alimkuta juu ya maji, kifudifudi.

Hospitali ilisema moyo ulikuwa mzima kabisa. Mwalimu alipanda juu kwa kasi, mapafu yakachanika. Sasa mtu wa uzoefu ule hapandi kwa kasi kwa kupenda, hupanda kwa sababu amekosa hewa. Na hapo ndipo palipokuwa na fundo lenyewe, maana mtungi wake ulikutwa umejaa karibu wote. Mtandao uliamua kwamba kama hewa ilikuwepo na haikumfaa, basi ilikuwa chafu, na aliyeijaza anajulikana. Tena Fundi alikuwa amekiri mwenyewe kwamba baada ya kumpandisha dada yake botini aliifunga koki ya ule mtungi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mkuu wa kituo aliingia na bahasha mkononi na uso wa mtu ambaye simu yake haijapumzika.

"Maabara wamejibu. Hewa ni safi."

"Nilidhani hivyo," alisema Inspekta.

"Safi kuliko ya ofisi hii," Koplo aliongeza, akafunga mdomo alipotazamwa.

"Haibadilishi kitu," alisema Mkuu. "Kama hakumlisha hewa chafu, basi alimfungia koki. Mwenyewe anasema aliigusa. Kesho asubuhi nampandisha kizimbani."

"Aliigusa baada ya kifo, Mkuu. Kila anayetunza mitungi huifunga ikitoka majini. Ni kama wewe kuzima gari ukifika."

"Hayo waeleze hao." Mkuu aliionyesha simu ya Koplo kwa kidevu. "Wanasema tumekula rushwa. Wanasema tunamlinda. Wakubwa wananiuliza mimi, hawakuulizi wewe."

"Nipe mpaka jioni."

Mkuu aliitazama penseli, akaitazama bahasha. "Jioni," alisema. "Na isiwe jioni yako, Bi Taratibu. Iwe ya saa ya ukutani."

Alipotoka, Inspekta aliigeuza skrini ya kompyuta yake upande wa Koplo. Ilikuwa imefunguliwa kwenye jukwaa la wapiga mbizi, jukwaa ambalo Mwalimu alilianzisha na kulilea, na ambalo Inspekta alikuwa amelisoma kama mtu anayesomea mtihani.

"Weka kando matusi. Soma yake mwenyewe."

Koplo akasoma. Mwalimu alikuwa na imani moja iliyomgharimu marafiki: kwamba kila ajali ya majini isimuliwe yote, upesi, bila kupakwa rangi, kwa sababu aliye hai ndiye anayeihitaji. Kanuni za jukwaa zilibandikwa juu kabisa: hakuna majina, hakuna lawama, hakuna kificho. Wenye shule nyingine walimchukia kwa hilo, wakasema anawafukuzia wateja. Alijibu kwa kuanza kujisimulia mwenyewe.

"'Leo nimesahau mkanda wa vizito,'" Koplo alisoma, "'nikaruka majini na kuelea kama kifuniko cha sufuria mbele ya wanafunzi wangu wote. Chekeni kwanza. Halafu nendeni mkakague mikanda yenu.'" Alitabasamu bila kutaka. "Huyu mama ningempenda."

"Mimi tayari," alisema Inspekta. "Endelea chini, kwenye ajali yake."

Habari ya kifo cha Mwalimu ilikuwa imewekwa jukwaani siku ile ile, na chini yake watu walikuwa wameraruana. Kundi moja lilisema ngojeni polisi, heshimuni msiba. Jingine likasema Mwalimu mwenyewe asingengoja hata chai ipoe. Kisha msimamizi wa jukwaa, ambaye alikuwa binti yake, akafuta nusu ya maneno na kufunga mjadala. Hapo ndipo waliokuwa na hasira walipohamia kurasa nyingine zisizo na kanuni yoyote, wakaendelea kumshambulia Fundi bila kizuizi.

Kidole cha Inspekta kilisimama kwenye ujumbe wa mwisho kabla ya kufungwa, wa usiku wa siku ile ile. Aliyeuandika alijiita Kimya. "Mtungi wake ulikuwa umejaa na koki iko wazi. Mwacheni Fundi wa watu."

"Habari ya mtungi kujaa sisi tuliitangaza lini?" Inspekta aliuliza.

"Siku iliyofuata."

"Na kuhusu koki?"

"Hatujatangaza mpaka leo." Koplo alikaa wima. "Afande, huyu alikuwepo!"

"Botini walikuwa watatu. Mmoja amefariki. Wa pili simu yake ninayo kabatini tangu siku ile. Chukua kofia yako."

Hawakuanza kwa Daktari, ingawa Koplo alishaanza kuelekea huko. Walianza shuleni. Binti wa Mwalimu aliwapokea kwenye chumba cha vifaa, kati ya mitungi iliyosimamishwa kwa safu na suti nyeusi zilizoning'inizwa kukauka. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini mikono yake ilikuwa ikisuuza vipumulio, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeagizwa asisimame.

"Mjomba amekula?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Amekunywa chai," alisema Inspekta. "Pole, mwanangu. Sitakaa sana. Mjadala ule uliufunga kwa nini?"

"Kwa sababu ni mama yangu."

"Na yule aliyeko mahabusu ni nani wako?"

Binti alifunga bomba. "Afande, ulitaka nifanye nini? Mjomba alimrekodi mama asubuhi ile, kabla hajazama, kwa simu hii ya shule, video ya kuweka kwenye ukurasa wa shule. Anacheka mle ndani. Watu wakaja wakaanza kuikatakata. Mmoja anasema ona macho, amechoka. Mwingine anasema ona umri. Kuna mmoja aliweka tangazo la kuuza suti za kuzamia. Nikaifuta, hata simuni. Nikafuta kila kitu, simu imezimwa, sitaki kusikia."

"Ulikuwa na haki," alisema Inspekta, na alimaanisha. "Ila kanuni ya tatu ya jukwaa, hakuna kificho, ni ya nani?"

Binti alichukua kipumulio kingine.

"Bega la mama lilikuwaje?" Inspekta aliuliza, akitazama picha iliyobandikwa ukutani, Mwalimu akiwa amenyanyua mkono wa kushoto kuwapungia watu, wa kulia umelala ubavuni. Picha ya jirani ilikuwa vivyo hivyo.

"La kulia liliganda tangu mwaka jana. Alianguka ngazini. Alikuwa hawezi kufikisha mkono mgongoni." Alisita. "Koki iko mgongoni, upande wa kulia. Nikiwepo humfungulia mimi. Nisipokuwepo humfungulia mjomba. Na kabla hajazama mwenzi wake humkagulia."

"Mwenzi wake akiwa Daktari."

"Daktari ni kama mtu wa nyumbani. Ndiye aliyelia kuliko wote."

Nje, Inspekta aliketi kwenye ukingo wa bwawa dogo la mafunzo, akaweka penseli sikioni. "Video imefutwa," alisema. "Hapo ndipo tunapokwama."

Koplo alikohoa. Kuna mambo mke wake alimgombeza kwayo kila wiki, na moja lilikuwa kwamba simu yake imejaa mpaka inakataa kupiga picha ya familia, kwa sababu kila video anayotumiwa anaihifadhi. "Afande," alisema, "usinisemee nyumbani."

Waliitazama kivulini, vichwa vimegusana. Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, mgongo kwenye maji, tayari kujiachia kinyumenyume kama wapiga mbizi wafanyavyo. Alikuwa akimtania mdogo wake kwamba kitambi chake kinatosha kuwa nanga. Kisha akawa mtu wa kazi. Alitia kipumulio mdomoni, akaishika geji ya hewa mbele ya uso wake, akavuta pumzi ndefu, tena, na tena, macho hayatoki kwenye mshale. Halafu mkono wa mtu ukaingia kwenye picha, ukapita juu ya bega lake la kulia, na video ikakatika, maana Fundi alihitaji mikono yote miwili kwenye usukani.

"Rudisha," alisema Inspekta. "Usiutazame uso. Utazame mshale."

Koplo akarudisha. Mwalimu alivuta pumzi na mshale ukabaki palepale, umetulia tuli.

"Haujatikisika," alisema Koplo.

"Haujatikisika. Sasa twende tukatazamwe meno."

Kliniki ya Daktari ilinuka dawa ya karafuu na woga wa watu wengine. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa mikono safi mno. Aliwaomba radhi wagonjwa waliokuwa wakisubiri, akafunga mlango, na kwa kukosa viti Koplo akajikuta ameketi kwenye kile cha kulalia.

"Wewe ndiye Kimya," alisema Inspekta.

Daktari hakukana. "Nisingeweza kuona wanamsulubu Fundi nikanyamaza."

"Ungetumia jina lako."

"Ningeulizwa mengine."

"Yapi?"

Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaitoa tena. "Inspekta, una mwalimu wako? Mtu aliyekufanya uwe ulivyo?"

"Ninaye."

"Basi utanielewa. Kuna jambo nililiona ambalo halikumuua, halihusiani na kifo chake, ila likisemwa mtandaoni watu watamzika nalo. Mwanamke aliyewafundisha watu wote hawa kukagua vifaa! Watamcheka mpaka kaburini."

"Nitaamua mimi kama halihusiani."

Aliinamisha kichwa. Aliposema, alisema chini chini, kama mtu anayetoa siri ya ndugu yake. "Alikuwa amesahau kufungua koki. Nilipomkagulia niliikuta imefungwa. Niliizungusha mizunguko mingi mpaka ikagota, kisha nikairudisha nusu, ndivyo nilivyofundishwa zamani, isikwame. Nikampigapiga begani kwamba mambo safi. Nilijiambia, bora ni mimi niliyeona. Nilijiambia nimemwokoa. Na baada ya dakika chache tu… Tafadhali, usiliandike. Koki aliisahau mara moja tu maishani mwake."

Koplo alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga mguu taratibu.

"Siku zote humkagulia hivyo?" aliuliza.

"Kila mara."

"Huwa umesimama wapi?"

"Nyuma yake. Hapo ndipo koki ilipo."

"Na siku ile?"

"Siku ile alikuwa ameshaketi ukingoni, nikachelewa kwa sababu ya kamera. Nilipitisha mkono kwa mbele." Alimtazama bila kuelewa. "Kwa nini?"

Inspekta alisimama, akakunja daftari bila kuandika neno. Nimemwona mara nyingi akifika pale alipotaka kufika, na sijawahi kumwona akifurahia. "Nakuomba uje shuleni mchana," alisema. "Uje kwa hiari. Nataka unionyeshe jambo ambalo kulieleza siwezi."

Mchana ule Koplo aliitumikia sheria kwa namna ambayo hakuwahi kuisomea chuoni. Walimvalisha fulana ya kuzamia, ikakataa kufunga tumboni, wakaiachia. Wakamfunga mtungi mgongoni na kumkalisha ukingoni mwa bwawa la mafunzo, mgongo kwenye maji.

"Afande, mimi maji nayajua ya kuoga tu."

"Usiegemee nyuma na hutayajua mengine."

Binti wa Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Inspekta alimwomba aifungue koki ya Koplo kama alivyokuwa akimfungulia mama yake, naye akaifungua yote, mpaka mwisho, kutoka ubavuni. Kisha Inspekta akamshikisha Koplo geji. "Vuta pumzi. Sema unachokiona."

Koplo akavuta. "Mshale umetulia."

"Mwalimu naye aliuona hivyo hivyo, na wewe na mimi tumeuona kwenye video," Inspekta alisema, akimgeukia Daktari. "Koki yake ilikuwa wazi, Daktari. Mtu havuti pumzi kwenye mtungi uliofungwa na mshale ukatulia. Mwalimu hakusahau."

Daktari alitikisa kichwa. "Lakini niliikuta…"

"Mkagulie Koplo. Usifikiri. Fanya kama siku ile, kwa kasi ile ile."

Kwa nyuma hakukuwa na pa kusimama, palikuwa na bwawa. Daktari akamwinamia Koplo kwa mbele, akapitisha mkono juu ya bega la kulia, vidole vikaipata koki vyenyewe, kwa mazoea ya miaka, vikaanza kuivuta kuelekea kwake. Mzunguko, na mwingine, na mwingine. Ikagota. Akairudisha nusu. Akampigapiga Koplo begani.

"Sasa vuta tena," alisema Inspekta.

Koplo akavuta. Mshale ukaanguka, na alipotoa pumzi ukainuka. Akavuta tena, ukaanguka tena, ukiinama kwa kila pumzi.

"Inapita," alisema Koplo, ametoa kipumulio na kukikodolea macho. "Lakini ni kidogo. Kama kunywa maji kwa mrija uliobanwa."

"Hapa juu inatosha kumdanganya mtu," alisema Inspekta. "Chini kule, maji yakishambana kifua, haitoshi." Hakuinua sauti. "Ukiwa nyuma ya mwenzako, kuvuta koki kuelekea kwako ni kuifungua. Miaka yote umesimama nyuma. Siku ile ulikuwa mbele."

Daktari aliutazama mkono wake. Alimaliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani. "Na ukiwa mbele, kuvuta ni kufunga."

Aliketi chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji, suruali yake nzuri ikilowa, na hakuna aliyemwinua. Mwalimu alikuwa ameshamaliza ukaguzi wake na kuuamini mkono wa mwanafunzi wake. Alipogundua chini, bega lilimkatalia kuifikia koki, na mtu wa kumsaidia alikuwa ametangulia na kamera. Nayo ile koki, Fundi aliifunga kabisa botini huku akilia, wala hakujua kwamba ilikuwa imebaki nusu mzunguko tu.

Binti alimsogelea Daktari. "Kwa hiyo ulinyamaza kumfichia mama aibu?"

"Nilitaka akumbukwe bila doa."

"Na mjomba akalala mahabusu."

"Sikujua, mwanangu. Wallahi nilidhani nimemwokoa."

"Mama hakusahau," alisema Binti.

"Hakusahau."

"Sema tena."

"Hakusahau. Alifanya kila kitu sawa. Ni mimi."

Uso wa Binti ulikunjamana, machozi yakaja, na kati ya machozi hayo palikuwa na kitu kilichomfanya Inspekta ageuke na kutazama mitungi. Hasira ilikuwemo, tele. Lakini ilikuwemo fahari pia.

Inspekta alimpigia simu Mkuu wa kituo. Alieleza mara moja, bila pambo, na alipoulizwa kama ana hakika alijibu kwamba alete mtungi na amvalishe ofisa yeyote anayemtaka. Kisha akasikiliza. "Ndiyo. Nitaandika yote, na mwendesha mashtaka ataamua kuhusu Daktari. Lakini Fundi hana kesi. Mtume dereva amlete shuleni, asitembee barabarani na watu walivyo." Akakata. Saa ya ukutani ilikuwa bado haijaifikia jioni.

Daktari alikuwa bado sakafuni, simu mkononi. "Inspekta, ninaruhusiwa kuandika? Jukwaani?"

"Siwezi kukutuma wala kukukataza. Utakachoandika kinaweza kusomwa mahakamani."

"Basi kisomwe."

Akaandika. Alichukua muda mrefu, akifuta na kurudia, na Koplo, aliyekuwa akipambana na fulana isiyotaka kumwachia, kwa mara ya kwanza siku hiyo hakumhimiza mtu. Alipomaliza alituma alichokiandika kwa msimamizi, kama kanuni ilivyotaka, nacho kikabaki kusubiri idhini. Msimamizi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Binti aliifuta mikono kwenye sketi, akaiwasha simu aliyokuwa ameizima. Akasoma kwa sauti, taratibu, na ilisikika kama anasoma kitu cha mama yake.

"'Mpiga mbizi mwenye uzoefu amefariki kwa sababu mwenzi wake alimfungia hewa akidhani anamfungulia. Marehemu alifanya ukaguzi wake wote, na kwa usahihi. Mwenzi alizoea kukagua akiwa nyuma. Siku hiyo alikagua akiwa mbele, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Alipoona koki inazunguka, hakujiuliza. Aliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba mwalimu wake amekosea. Fundi aliyejaza mtungi hana kosa lolote, hewa yake ilikuwa safi. Mkisoma haya, fanyeni hivi: koki ikishaguswa na mtu yeyote, awe nani kwako, vuta pumzi upya huku unatazama mshale. Na koki iachwe wazi yote. Hiyo nusu tuliyofundishwa zamani tuizike.'"

Chini ya maneno hayo palikuwa na mstari mmoja zaidi, ambao hakuusoma. Waliosimama karibu waliuona: jina kamili la Daktari, jina la kliniki yake, na mtaa ilipo.

Dole gumba la Binti lilisimama juu ya skrini. Inspekta, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona watu wakipewa nafasi ya kulipiza kisasi, alilitazama. Kisha dole gumba likashuka, likafuta kidogo, likabonyeza.

Simu ya Daktari ililia mkononi mwake. Akaifungua ripoti yake, akaishusha mpaka mwisho, akaipandisha, akaishusha tena.

"Mbona jina langu halipo?" aliuliza. "Nililiweka. Nataka wajue ni nani."

"Juu pale pameandikwa hakuna majina," alisema Binti. Sauti yake haikuwa ya kusamehe, wala hakujifanya amesamehe. "Mama hakuandika kwamba mtu akimuua yeye ndipo majina yaanze."

Nje gari la kituo lilisimama, na mlango wake ukafunguliwa. Binti aliiweka simu juu ya safu ya mitungi, akatoka mbio kumpokea mjomba wake.